Filamu ya vijana wa roki hapa Tanga, mnaiponda hata hamjaisikia

Ndugu Mhariri, salaam.

Nimesoma kwenye ukurasa wako ile barua ya msomaji mwenzangu wa Chumbageni kuhusu filamu ya kutisha iliyotengenezwa na vijana wa bendi moja ya roki ya hapa hapa Tanga, anataka ipigwe marufuku, eti ni ushetani wa kizungu, inafundisha watoto uchawi na inauchafua mji wa waungwana. Sina ugomvi nae, ila ukiisoma ile barua vizuri unaona kabisa mwenyewe hajaitazama hiyo filamu, kaona tu ile picha iliyozunguka kwenye magrupu ya watsapu, ile ya mtu mwenye nywele ndefu nyeupe kasimama katikati ya mkonge usiku, basi hapo hapo kakimbilia kalamu. Mimi nimeitazama mwanzo mpaka mwisho. Na spika zao mi ndo nazitengeneza kwa iyo nimeisikia kabla haijawa filamu, nikaona bora nijibu maana tukianza kufungia vitu kwa picha za kwenye simu tutafungia mpaka harusi.

Kazi yangu ni fundi spika na amplifaya, Ngamiani. Nasuka koili, nabandika koni, natengeneza maredio ya wazee wanaokataa kuachana nayo. Nimekulia kwenye muziki wa mji huu, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz tulikuwa tunazisikilizia nje ya ukumbi maana mtoto huruhusiwi kuingia, na nyumbani kina mama na taarabu zao za Black Star na Lucky Star, sasa mtu akiniambia gitaa la umeme limeletwa Tanga juzi na madogo waliovaa fulana nyeusi namwangalia tu. Hao vijana ni wanne, wa kiume watatu na binti mmoja anaepiga besi, na kwa maoni yangu huyo binti ndo bendi yenyewe ila wenzie hawajajua. Walivyokuja dukani mara ya kwanza shikamoo fundi, marhaba wanangu, nikajua wanataka spika ya kwenye shughuli. Yule binti akanambia, "Babu, hatutaki utengeneze, tunataka uiharibu vizuri." Nilicheka mpaka jirani yangu muuza simu akaja kuuliza kuna nini.

Lakini anachosema anakijua. Mwaka 1964 kule Uingereza Dave Davies wa bendi ya Kinks alichukua wembe akaikata koni ya spika ya kiamplifaya chake kidogo ili gitaa likwaruze, na ule mkwaruzo ndo watu wameuuza mpaka leo kwenye vidude vya kukanyaga kwa mguu vya bei mbaya. Mimi spika zilizochanika ninazo gunia zima. Nikawapa ya inchi kumi na mbili, koni imepasuka kuanzia kwenye koili mpaka ukingoni, wakaenda nayo wanashangilia kama wamepewa mpya.

Sasa twende kwenye filamu yenyewe, jina lake silitaji nisije nikaambiwa natangaza biashara. Imepigwa kwa simu. Hadithi ni fupi. Mlinzi mgeni anaajiriwa kulinda kiwanda cha mkonge kilichokufa miaka mingi, hamna mtu, hamna umeme, bati zimeng'oka. Usiku wa kwanza anasikia korona inazunguka. Kwa msomaji wa bara asiyejua, korona ni ile mashine ya kuchakata mkonge, majani yanaingia upande huu yanapondwa na visu vinavyozunguka huku yanamwagiwa maji, upande wa pili zinatoka singa, na kwenye jani zima singa ni kama asilimia nne tu, lililobaki lote ni taka. Haya, jamaa anachukua tochi anaenda kuangalia, anaikuta korona ina kutu, haina mkanda, haina mota, haiwezi kuzunguka hata kwa kusukumwa. Anarudi kukaa kwenye kiti chake. Inaanza tena. Usiku mwingine anamkuta mtu kasimama mlangoni, nywele zimemshuka mpaka magotini, mkononi ana kipande, ile kadi ya kazi ya zamani, anamwomba kwa adabu kabisa amsainie siku yake ya thelathini aondoke zake. Mlinzi anamwambia mzee wangu mimi sio nyapara, mi mlinzi tu. Kesho yake wanakuja wawili. Keshokutwa inakuwa foleni.

Ndo hivyo tu. Hakuna mganga, hakuna mtu ananyonywa damu, hakuna mazingaombwe, uchawi unaofundishwa sijauona labda kama kusaini ni uchawi.

Na naomba huyu mwenzetu wa Chumbageni anieleze uzungu wake uko wapi. Kipande si kadi waliyopewa babu zetu? Siku thelathini za kazi, zikijaa ndo unalipwa, ukiugua siku yako haijaandikwa, nyapara akikuchukia haijaandikwa. Manamba, wale vibarua wa mkataba, waliletwa huku kutoka Kigoma, Songea, Burundi, Msumbiji, kuanzia 1944 matajiri wa mkonge wakaunda kabisa na ofisi yao ya kukusanya watu wakaiita SILABU, na watu wakasombwa na magari ya moshi mpaka kwenye mashamba. Wengi wetu hapa Tanga ukituuliza sana kuhusu babu tunaishia kwenye kambi fulani ya mkonge. Mkonge wenyewe nao mgeni, uliletwa 1893 na Mjerumani, Dakta Hindorf, miche elfu moja ilitoka Florida ikafika hai 62 tu, ikapandwa huko upande wa Pangani, na kwa hiyo miche 62 ikapatikana nchi ya kuuza zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka miaka ya sitini. Kisha ikaja kamba ya nailoni, soko likaanguka, viwanda vikabaki vinaota nyasi. Hayo magofu tunapita nayo kila siku kwenye basi tunaangalia simu. Hawa watoto wameingia ndani wakasikiliza.

Kuna mtu ataniambia haya sawa, ila roki jamani, roki ni ya wapi? Nitamjibu kwa kisa cha Tony Iommi. Huyu ni mpiga gitaa wa Black Sabbath, bendi ya Birmingham, mji wa viwanda. Alikuwa anafanya kazi kiwanda cha mabati, ana miaka 17, siku yake ya mwisho kazini mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye anapigia kushoto kwa iyo vidole hivyo ndo vya kubana nyuzi. Madaktari wakamwambia gitaa sahau. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo akajitengenezea vifuniko vya vidole, akatafuta nyuzi nyepesi zisimuumize, baadae akazilegeza na zikawa zinavuma chini, nzito, kama kitu kikubwa kinatembea chumba cha pili. Ule mziki mzito wanaouita wa shetani umetoka hapo, kwa kijana wa kiwandani aliekatwa vidole. Sasa nenda vijiji vya mkonge ukawaulize wazee waliolisha korona, wengine watakuonyesha mkono kabla hujamaliza swali. Nikamhadithia yule binti kisa hiki, alikuwa anakijua ila hakuwahi kufikiria kwamba babu yake mwenyewe alikuwa kwenye korona. Akanyamaza, halafu kesho yake ndo akaja na ile hadithi ya kipande.

Na hata jina la hiyo bendi ya kina Iommi lina kisa chake. Mtaa waliokuwa wanafanyia mazoezi kulikuwa na jumba la sinema ng'ambo ya barabara, inaonyeshwa filamu ya kutisha, watu foleni, wao wakasema ajabu hii, watu wanatoa hela ili watishwe, basi na sisi tupige mziki wa kutisha. Jina la ile filamu wakalifanya la bendi, na albamu yao ya kwanza ikatoka Februari 1970. Kwa iyo bendi ya roki kutengeneza filamu ya kutisha sio maajabu, huo ni undugu wa zamani sana.

Lakini sijaandika yote haya kwa ajili ya historia. Ninachotaka kusema, na hiki naomba usikikate mhariri hata ukipunguza mengine, ni kwamba filamu ya kutisha kazi yake kubwa iko kwenye sauti, macho yanafata baadae, na ndo maana wapiga muziki maskini wanaweza kutisha kuliko watu wenye kamera za mamilioni. Sisi watu wa pwani hili tunalijua tangu utotoni, tumetishwa na mabibi kwenye giza, koroboi limezimwa, hadithi hadithi, hadithi njoo, hakuna picha yoyote pale ila sauti ya bibi inashuka inashuka unajikuta umeshika nguo ya dada yako. Mwaka 1995 hofu ya popobawa, lile jini la usiku, ilivyozuka hapo Pemba ng'ambo yetu, watu wakahama vyumba wakalala nje kwa makundi wamewasha moto, ukiuliza nani kamwona kila mtu anakwambia fulani, ila waliosikia kucha zinakwaruza juu ya bati walikuwa mtaa mzima. Tunaogopa kwa masikio.

Mmarekani John Carpenter alilipata hili kwa shida. Mwaka 1978 katengeneza filamu ya kutisha ya Halloween, bajeti yake kama dola laki tatu, kwa Hollywood hizo ni hela za chai, kinyago cha muuaji wamenunua dukani chini ya dola mbili wakakipaka rangi nyeupe. Ilivyokuwa karibu kwisha akamwonyesha mama mmoja wa kampuni kubwa ya filamu, bado haina muziki wala vishindo, yule mama hakushtuka hata kidogo. Carpenter akarudi akaipigia muziki mwenyewe siku tatu, kinanda tu, mapigo matano matano, mtindo aliofundishwa na baba yake kwenye ngoma za bongo akiwa mtoto, na baadae mama yule yule akaisifu. Picha zile zile. Kilichoongezeka ni sauti.

Sasa niwaambie hao madogo walivyoipata korona yao maana nilikuwepo. Walienda na simu Makorora kwenye mashine ya kusaga unga, wakarekodi inavyoanza, inavyoshika kasi, inavyozimwa. Wakaiingiza kwenye kompyuta ya kuazima wakaipunguza spidi mpaka ule mlio wa juu ukawa unagugumia. Bado ilikuwa inasikika kama mashine ya unga, unasikiliza unakumbuka dona. Ndo yule binti akasema tuipitishe kwenye spika iliyochanika. Tukaichukua ile inchi kumi na mbili tukaifunika juu ya pipa tupu la mafuta, uso wa spika unaangalia ndani, tukatoboa chini tundu la kuingiza simu, tukafungulia besi. Jamani. Pipa likaanza kutetema, ile koni iliyopasuka inapiga kofi kila besi ikishuka, kofi, kofi, kofi, ni kama majani yanaingizwa moja moja, na pipa linarudisha mwangwi kama ukumbi mkubwa wa bati. Mzee mmoja alikuwa anapita na baiskeli akasimama mguu mmoja chini, akauliza hiyo korona ya wapi inafanya kazi? Nikawaambia wale watoto hiyo hapo, msiguse kitu tena.

Zile kucha zinazokwaruza mlango ni mbuzi ya nazi ya mke wangu. Unakuna kifuu kikavu polepole maiki iko karibu kabisa, siku hiyo chakula kilichelewa na nikasemwa vya kutosha. Mifupa inayovunjika ni muwa. Na nywele za wale wazee wa foleni ni singa halisi za katani, zimeshonewa kwenye kofia za zamani, zinawasha vibaya mno ndo maana ukiangalia vizuri mzee wa tatu kwenye foleni anajikuna.

Na wala wasidharauliwe kwa umaskini wa vifaa. Tanga tulivyokuwa tunajaza Majestic kwa picha za Kihindi hatukuuliza bajeti. Wale ndugu wa Ramsay wa Bombay walikuwa saba, baba yao alikuwa na duka la maredio, mtu wa kazi kama yangu, watoto wakagawana kazi, huyu kamera, huyu mwongozaji, huyu anakata filamu, Kiran akashika sauti, 1972 wakatoa filamu yao ya kwanza ya majini na makaburi kwa hela kiduchu, wakaendelea hivyo hivyo kifamilia mpaka Purana Mandir ya 1984 ikajaza majumba India nzima. Hapo Uganda kwa jirani kuna Isaac Nabwana, yuko Wakaliga mtaani kabisa Kampala, kompyuta ya kuhariria kaiunga mwenyewe kwa vipuri, leo filamu zake zinatazamwa mpaka Ulaya. Na hapa kwetu Mussa Banzi alishatutisha na Nsyuka na Shumileta miaka ile ya mwanzo ya 2000 kwenye kanda na sidii, watu tukalala taa inawaka, sikumbuki nani aliandika barua gazetini kusema Bongo muvi imekuwa ya kishetani. Tatizo naona sio mizimu, ni gitaa na fulana nyeusi.

Tusidanganyane lakini, filamu ina makosa na nimewaambia usoni. Mpiga ngoma ndo kacheza mlinzi na hawezi kuigiza, akiogopa anatabasamu. Katikati kuna solo la gitaa refu halina kazi yoyote, mlinzi anatembea tu kwenye mkonge na gitaa linalia, linalia, nadhani mwenye gitaa ndo alikuwa anahariri siku hiyo. Damu ipo mara moja tu, mlinzi anajikata, wameitengeneza kwa rozela na unga wa muhogo, kwenye mwanga wa tochi imetoka kama juisi ya kwenye shughuli. Niliwaambia Romero, yule Mmarekani wa filamu za wafu wanaotembea, mwaka 1968 alitumia sharubati ya chokoleti ikakubalika kwa sababu filamu yake haikuwa na rangi, nyie mna rangi, ongezeni weusi. Kubwa zaidi, na hili limenikera kama fundi, maongezi hayasikiki. Watu waliohangaika na pipa siku nzima wameacha maneno ya yule mzee wa kwanza yamezwe na upepo, ile kauli yake ya kuomba saini ndo roho ya hadithi, nimeirudia mara kadhaa nimeweka sikio. Wakairekodi upya, chumbani, mlango umefungwa, blanketi ukutani. Wameahidi.

Walitaka kwanza kupiga Mapango ya Amboni. Kila mtu akifikiria kutisha Tanga anafikiria Amboni, popo, giza, hadithi ya Othango aliyejificha mle miaka ya hamsini akisakwa na serikali ya mkoloni. Hela ya vibali ikawashinda, na mi nasema alhamdulillahi, pango kila mtu analitegemea limtishe. Kiwanda cha mkonge hukitegemei, unakijua, babu yako kafanya kazi pale.

Kuhusu marufuku sasa. Sheria ya filamu tuliyonayo ni Namba 4 ya mwaka 1976 na inataka kibali kabla hujapiga picha na ukaguzi kabla hujaonyesha hadharani, mi siipingi, kuna mambo kweli hayafai kuonyeshwa. Hao vijana hawajakimbia ukaguzi. Wameenda kwenye ofisi moja, siitaji, wakaulizwa kampuni yenu inaitwaje, hatuna kampuni ni bendi, studio yenu iko wapi, hatuna studio tuna pipa, prodyuza ni nani, wakaangaliana. Wakaambiwa warudi na barua. Wakarudi na barua, wakaambiwa barua sio hiyo. Kilichotokea ndo kile kinachotokea siku zote, filamu ikaanza kutembea yenyewe, memori kadi, flashi, leo iko Pangani kesho iko Muheza, kila mtu anatumiwa kwenye simu na spika ya simu ile ndogo kama kucha haitoi besi hata kidogo, korona yote imepotea, imebaki picha ya mtu mwenye nywele za katani. Ndo maana msomaji wa Chumbageni kaona uchawi! Angeisikia kwenye spika ya maana angesikia kiwanda. Andagraundi hawajaitafuta wao, wamesukumiwa huko. Na hata mabanda umiza, vile vibanda vya kuonyesha video mtaani, hayataki, mwenye banda mmoja kanambia Jumamosi ni ligi, Jumapili ni ligi, siku za kati ni za kutafsiriwa, na filamu ambayo dijei hajaiwekea maneno yake juu wateja wake wanaona wameibiwa.

Ushetani nao nimeuacha makusudi mwisho. Mimi nasali, na imamu wetu nilimsimulia hadithi nzima ya yule mzee anayedai saini yake, akanyamaza kidogo akasema ujira wa mfanyakazi alipwe kabla jasho halijakauka, hayo ni maneno ya Mtume, kisha akaniuliza ikionyeshwa kina mama watakaa upande gani. Sio kwamba kaipitisha, ila hakusema haramu. Ninachokubaliana na mwandishi wa ile barua ni watoto tu. Watoto wasiione, mjukuu wangu alisikia pipa peke yake, picha hajaona, na siku hiyo akalala kwa bibi yake.

Ombi langu kwa wasomaji wako wa Tanga mjini ni dogo. Kuna mtu ana projekta inayowaka sawasawa, aje dukani tuongee, pazia tunalo, shuka za kitanda mbili zimeshonwa, na jenereta liwe mbali maana kelele zake zitaharibu kila kitu. Spika natoa mimi, nne kubwa, nzima, na ile moja iliyochanika itakaa nyuma ya watazamaji peke yake kwa kazi yake maalumu. Vijana wanafatilia hiyo barua inayotakiwa, ikitoka tu tunaonyesha, uwanja tumeshaahidiwa ila mwenyewe anataka kuona karatasi kwanza na ana haki.

Na msomaji wa Chumbageni kiti chake kipo, mbele, bure, soda juu yangu. Aje na mkewe ila watoto awaache nyumbani, tutawarudisha mlangoni hata kama ni wa kwake.

Fundi spika,
Ngamiani, Tanga